Kujikinga na Tornado (2): Chumba cha Hifadhi Nyumbani

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi tornado inavyozaliwa katika nchi tambarare za kati ya Marekani, pale hewa ya joto na unyevu itokayo Ghuba ya Mexico inapokutana na hewa kavu ya magharibi, tukaona kwamba nchi ile hupatwa na tornado zipatazo 1,200 kwa mwaka, nyingi zikiwa dhaifu na chache zikiwa za kuangamiza. Leo tunaingia katika swali ambalo wasomaji wetu waliohamia Texas, Oklahoma, Missouri, Kentucky na majimbo jirani yawapasa walijibu ingali hali ya hewa ni shwari: wingu likiteremka, mimi na watu wa nyumbani mwangu tutakimbilia wapi?

Wala jambo hili si la watu wa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 tornado iliupiga mji wa Bowling Green, Kentucky, ambao umepokea wahamiaji wengi, wakiwamo Wakongo wasemao Kiswahili, ikaua watu 17, wengi wa wakazi wakiwa usingizini. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari tumerithi kwa wazee wetu ilimu ya kaskazi na kusi, na waliozaliwa bara wamerithi ilimu ya masika na vuli. Lakini hapana katika sisi aliyerithi kwa babu yake habari za upepo uwezao kuifagia nyumba nzima hata ukabaki msingi mtupu. Ilimu hiyo hatuna budi kuitafuta kwa wenye kuijua.

Kwanza na tufahamu jinsi nyumba inavyobomoka. Nyumba nyingi za nchi ile hujengwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na mbele yake huwa na banda la gari lenye mlango mpana na mwembamba. Upepo wa tornado ufikapo, aghalabu mlango ule au dirisha ndilo litangulialo kuvunjika; upepo ukaingia ndani, ukaisukuma dari kutoka chini ilhali upepo upitao juu unalivuta paa, likang'oka, na kuta zilizokuwa zikishikwa na paa zikakosa mshikizi, zikaanguka. Fauka ya hayo, nguvu ya upepo haiendi sawa na kasi yake: kasi ikiwa maradufu, msukumo huwa mara nne. Tena jeraha kubwa halitoki kwa upepo wenyewe, bali kwa vitu uvichukuavyo, mbao, mabati, vioo na matofali. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba kufungua madirisha kutasawazisha hewa na kuinusuru nyumba wamekosea mno. Wanaufungulia njia ule upepo wanaoukimbia, na wanapoteza dakika ambazo hazirudi.

Tarehe 11 Mei 1970 tornado iliupiga mji wa Lubbock, Texas, watu 26 wakafa, na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, kilichomo mjini humo, wakaanza kuyachunguza magofu kwa makini. Katika uchunguzi huo, na katika mingine iliyofuata kwenye miji mingine, waliliona jambo likijirudia: nyumba imekwisha, lakini chumba kidogo cha katikati, stoo ya chakula au choo, kimesalia kimesimama peke yake. Mhandisi Ernst Kiesling na wenzake wakapata fikira ambayo imeokoa roho nyingi, nayo ni kwamba ikiwa chumba kisichokusudiwa huweza kusalia, basi kikikusudiwa tangu mwanzo kitakuwa hifadhi ya yakini. Kutokana na kazi hiyo, shirika la serikali ya Marekani lishughulikalo na maafa, FEMA, lilitoa mwaka 1998 kitabu cha michoro kwa ajili ya mwenye nyumba na fundi wake, na mwaka 2008 kikatoka kipimo rasmi cha ujenzi kiitwacho ICC 500.

Kipimo hicho, kwa sehemu zipatwazo na tornado kali mno, kinataka chumba kihimili upepo wa maili 250 kwa saa, yaani takriban kilomita 400. Walakini hesabu za karatasini hazitoshi, na kwa sababu hiyo vitu hujaribiwa kwa vitendo. Huchukuliwa ubao wa kenchi, ule mafundi wa Marekani wauitao mbili kwa nne, wenye uzito wa ratili 15, ukatiwa katika mzinga wa hewa iliyoshindiliwa, ukafyatuliwa kwa kasi ya maili 100 kwa saa uje uupige ukuta kwa ncha yake. Ukuta wa kawaida wa nyumba ya mbao hauuzuii. Ubao hupenya ukatokea chumbani, hata kama ukuta umepambwa kwa tofali upande wa nje. Ukuta wa zege lenye nondo, au wa matofali ya saruji yaliyojazwa zege na kupitishwa nondo matunduni, au wa mbao zilizofunikwa matabaka mawili ya plaiwudi na bamba nene la feleji, ubao ule huugonga ukakomea pale pale. Anayetaka kujenga na amwulize fundi wake swali moja waziwazi: ukuta huu umejengwa kwa mchoro uliokwisha kujaribiwa, au kwa kukisia?

Baada ya ukuta waja mlango, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mlango wa chuma uuzwao madukani kwa ajili ya kuzuia wezi haukuundwa kuzuia ubao urukao, na mara nyingi komeo lake moja hukatika kwa pigo la kwanza. Mlango wa hifadhi hununuliwa pamoja na fremu, bawaba na makomeo yake, kwa kuwa vyote vimepimwa kwa jumla kama kitu kimoja, na kukibadili kimoja ni kuubatilisha ushahidi wa vingine. Milango mingi iliyofaulu ina makomeo matatu na bawaba tatu. Chumba kina nguvu za mlango wake, hakina zaidi.

Hali kadhalika chumba hakina budi kushikamana na ardhi na kujitenga na nyumba. Kushikamana maana yake ni kufungwa kwa bolti nene katika sakafu ya zege iliyo nzito ya kutosha; sanduku la chuma lililowekwa tu juu ya sakafu ni jahazi lisilo nanga, litachukuliwa na waliomo. Kujitenga maana yake ni kwamba kuta na dari ya hifadhi zisitegemee kuta na paa la nyumba, ili siku nyumba itakapokwenda, isikivute chumba kwenda nacho.

Je, tuchimbe chini au tujenge juu? Walowezi wa zamani wa nchi zile walichimba mahandaki uani, na fikira yao ilikuwa sahihi, kwa kuwa virukavyo hupita juu ya ardhi. Lakini handaki lina masharti yake. Penye mafuriko halifai kabisa: tarehe 31 Mei 2013, katika dhoruba iliyotoa tornado ya El Reno, Oklahoma, mvua kubwa iliifurisha mitaro ya Oklahoma City, na familia zilizokuwa zimejificha humo zikafa maji. Tena handaki la uani humtaka mtu atoke nje katika giza, mvua na mawe ya barafu, pengine akiwa amebeba mtoto au akimshika mkono mama yake mzee. Onyo hutangulia kwa dakika chache, aghalabu zisizozidi robo saa. Kwa hiyo chumba cha juu kilichojengwa kwa kipimo, kilicho hatua chache kutoka vitandani, kinaweza kuyashinda mahandaki yote kwa sababu moja tu: kinafikiwa. Wako pia watiao hifadhi chini ya sakafu ya banda la gari, nayo ni njia njema kwa mwenye miguu mizima na mahali pasipo maji.

Kuhusu ukubwa, kipimo cha nyumbani ni futi 3 za mraba kwa mtu, maana watu hukaa humo kwa muda usiofika saa nyingi. Kwa hesabu hiyo chumba cha futi 4 kwa 6 kinachukua watu wanane. Lakini jamaa zetu ni wengi na wageni hawatukatikii, na huenda akawamo mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Kwa hiyo msomaji asifanye hesabu ya leo peke yake. Kiwe na matundu ya hewa yaliyokingwa kwa feleji. Ndani yake viwemo maji, kurunzi, redio ya betri, dawa, kofia ngumu, filimbi, mtaimbo wa kusukumia vifusi, na viatu vya kila mtu, kwa kuwa atokaye hukanyaga misumari na vioo. Ziwemo pia nakala za vyeti vya kuzaliwa na hati za uhamiaji, ambazo kuzipata upya ni taabu ya miaka. Zima moto wa mtaa waarifiwe hifadhi ilipo, ili nyumba ikianguka juu yake wajue pa kuchimba. Na chumba hicho kisigeuzwe ghala ya mabegi na viti vibovu. Hifadhi iliyojaa takataka ni sawa na isiyokuwapo.

Atakuwapo atakayesema kwamba ajali ni ya Mungu, na kwamba jitihada haiondoi kudura. Msemo huo ni wa haki, lakini haukutungwa kuwapa wavivu hoja. Nahodha hutawakali, naye amekwisha kutazama mawingu na kukaza kamba. Tarehe 20 Mei 2013 tornado ya daraja la juu kabisa iliupitia mji wa Moore, Oklahoma, ikaua watu 24, na miongoni mwao walikuwamo watoto saba wa shule ya Plaza Towers, ambayo haikuwa na chumba cha hifadhi. Shule hiyo ilipojengwa upya ilijengewa hifadhi. Zege lile lilipatikana pia kabla ya msiba. Kilichokosekana ni uamuzi, na uamuzi ndio fungu letu sisi waja.

Najua kwamba wasomaji wetu wengi ni wapangaji, na wengine wanakaa katika nyumba za magurudumu, ambazo ni za hatari kupita zote siku kama hiyo. Wao hawawezi kuchimba ardhi ya mtu wala kupiga bolti katika sakafu isiyo yao. Makala ijayo, inshallah, itakuwa yao: hifadhi za umma, haki ya kumwuliza mwenye nyumba, na namna ya kuchagua chumba kilicho bora katika nyumba isiyo bora. Kabla ya hapo nawaomba wote, wenye nyumba na wapangaji, wafanye jambo moja lisilogharimu hata senti: usiku mmoja wa wiki hii zimeni taa, amsheni watoto, nendeni pamoja hadi pale mnapodhani mtajificha, na mtazame saa. Mkichukua muda mrefu kuliko onyo litakavyowapa, basi pahali hapo si hifadhi yenu, na ni heri mlijue leo.