Masinga: ziwa letu tusilolitembelea

Mtu wa Mukuyuni, huku Makueni, akitamani kuona maji mengi, fikira zake humpeleka Mombasa moja kwa moja. Safari ndefu, nauli kubwa, na Desemba ikifika vyumba ni vya kugombania. Ilhali ziwa liko upande wa pili: pita Machakos, shika barabara ya Garissa hadi Matuu na Kangonde, kisha kata kushoto kuelekea Embu. Huko ndiko liliko bwawa la Masinga.

Lilikamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, na likijaa hutanda takriban kilomita mraba 120. Mitambo yake huzalisha megawati 40 tu; kazi yake kubwa ni kuweka akiba ya maji ya masika ili mabwawa yaliyo chini yake, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yasikaukiwe wakati wa kiangazi. Ndiyo maana mwambao wake hausimami mahali pamoja. Mwaka 2024 maji yalimwagika juu ya ukingo. Kiangazi kikikaza, hurudi nyuma na kuacha tope lililopasuka.

Ukilala kwenye hoteli ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, iliyo kando ya maji, amka alfajiri. Furukombe hulia juu ya miti iliyokauka, na minandi hutanua mabawa kukausha manyoya. Viboko wapo, mamba wapo, kwa hiyo kuogelea sahau. Wala usipande boti isiyo na jaketi la kuokolea maisha, hata nahodha akikuapia kwamba maji yametulia.

Raha yenyewe ni kuwatazama wavuvi. Nyavu hutegwa jioni, huteguliwa mapambazuko. Wavu huvutwa polepole, na tilapia aliyenasa kwenye matamvua hunasuliwa kwa kidole gumba huku kiganja cha pili kikilaza miiba ya mgongo isichome. Kambare, kwa utelezi wake, hushikwa nyuma ya kichwa. Samaki wako mnunue papo hapo kwa mvuvi. Apasuliwe mikato mbavuni ili chumvi ipenye, akaangwe akauke, aje na ugali na ndimu. Samaki aliyesafiri kutwa nzima ndani ya gunia hawezi kumfikia kwa ladha.

Nasisitiza safari hii kwa sababu ziwa jingine linakuja mlangoni petu. Bwawa la Thwake, linalojengwa pale Mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, limekusudiwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Vijana wetu wengi hawajawahi kushika kasia. Serikali za kaunti zote mbili ziwapeleke Masinga sasa wakajifunze kupiga kasia, kutega na kuhifadhi samaki, na zijenge banda la kupokelea samaki lenye barafu kabla bwawa halijajaa.