Chakula kwa Kadiri ya Safari

Somo: 1 Wafalme 19:4-8



Nabii Eliya alikuwa amechoka hata akaomba kufa. Akalala chini ya mretemu. Malaika akamgusa mara mbili, akamwonyesha mkate na maji, akamwamuru ale, na sababu akamtajia: safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa mno kwake. Eliya akala, akaenda siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Wahubiri wengi hulieleza somo hili kwa habari ya kukata tamaa, nao hufanya vema. Leo twataka kutazama jambo moja dogo lililo ndani yake. Chakula kile kilikuwa cha safari. Malaika hakumletea Eliya mkate ili ale, ageuke upande wa pili, aendelee kulala.

Sasa tuitazame Rusinga. Wazee wetu wakumbuka kwamba kabla ya kujengwa njia ya mawe na udongo katika miaka ya 1980, mtu wa kisiwani aliyetaka kufika Mbita alivuka kwa mtumbwi. Alipiga kasia, au alipigiwa, kisha akatembea. Maji yalitekwa ziwani yakapandishwa kwa kichwa. Kuni zilitafutwa mlimani. Shamba lililimwa kwa jembe la mkono, na wavu ulivutwa kwa mikono na mgongo. Mtu aliyefanya kazi hiyo kutwa alikula kuon kubwa kwa samaki na mboga, na chakula chote kikaisha mwilini mwake kabla ya jua la pili. Huo ulikuwa mkate wa Eliya, umetolewa kwa kadiri ya mwendo.

Siku hizi daraja lipo, na pikipiki zipo. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya hayo, maana mama mwenye uchungu wa kuzaa hafikishwi hospitali upesi kwa sifa za zamani. Lakini tazameni lililotokea. Mzee aliyekuwa mvuvi sasa ana mashua zake na vijana wanaomfanyia kazi. Yeye hukaa ufukoni akipima samaki na kuhesabu fedha. Jioni hupanda pikipiki mpaka mlangoni. Akifika, sahani ni ile ile ya wakati alipokuwa akivuta wavu usiku kucha, tena imeongezwa chapati, na nyama siku ya soko, na soda akipata mgeni. Safari imefupishwa, mkate haukupunguzwa. Ile sehemu isiyotumika mwili hauitupi. Huiweka akiba, na akiba ya mwili ni mafuta.

Jambo hili si la mzee mmoja. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, ilionekana kwamba karibu wanawake 4 katika kila 10, na wanaume karibu 2 katika kila 10, walikuwa na uzito uliopita kiasi. Na kuna uchunguzi wa zamani zaidi unaotuhusu sisi watu wa ziwa. Katika miaka ya 1980 waganga waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini, upande wa kaskazini wa ziwa, wakahamia Nairobi. Habari zake zilitolewa mwaka 1990. Huko kijijini shinikizo la damu lilikuwa la chini. Walipofika mjini lilianza kupanda katika miezi ya kwanza, wala halikungoja uzee. Chumvi ilikuwa na sehemu yake, na uzito wa mwili pia. Damu ilikuwa ile ile ya baba zao. Kilichobadilika ni maisha. Nasi twasema kwamba maisha ya Nairobi yamekwisha kuvuka daraja.

Basi tupige hesabu kidogo. Bwana wetu alipotoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara (Luka 14:28), alimweka kwanza chini ahesabu gharama. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama vile unga unavyopimwa kwa kilo. Kijiko kidogo cha sukari, kilicho sawasawa bila kujaa juu, kina kalori 16 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Unga wa mahindi gramu 100 una kama 360. Andazi moja la kawaida lina 150 mpaka 200, kwa kadiri lilivyokunywa mafuta. Na kilo moja ya mafuta yaliyowekwa mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700.

Mtu anywaye vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amekunywa kalori 190 na kidogo. Zidisheni kwa siku 40, zile siku za Eliya. Mtaona zafika karibu 7,700, yaani kilo nzima, na hatujagusa chakula bado! Mwili si duka la mhasibu, kwa hiyo haufuati hesabu hii sawasawa kila siku, lakini njia ielekeako ni hiyo.

Upande wa pili wa mizani ni mazoezi. Mtu mwenye kilo 70 akitembea kwa bidii saa moja, hupita kama kilomita tano, na hutumia kalori kama 250. Lakini hata kama angalikaa kitini saa ile angalitumia kama 70 kwa kupumua tu na moyo kupiga. Basi faida ya mwendo ni 180 hivi. Ni andazi moja. Hapa ndipo wengi huanguka, na ndipo swali la akina mama wengi hupata jibu lake, wanaosema: twatembea, twatoka jasho, mbona hatupungui? Dada mpendwa, umetembea vema. Kisha umefika sokoni, ukaona kwamba leo umestahili maandazi mawili na chai tamu.

Tena kuna jambo la ajabu lililoonekana kwa jirani zetu wa Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wako Wahadza, watu waishio kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Hutembea kilomita nyingi kila siku. Wachunguzi walipima nguvu yote ambayo miili yao hutumia kwa siku, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba, ukiangalia ukubwa wa mwili, haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wakaao maofisini. Yaonekana mwili unaotembea sana hujifunza kubana matumizi mahali pengine. Wahadza ni wembamba, lakini miguu peke yake haitoshi kueleza wembamba huo. Sharti tutazame na chungu chao.

Je, tuache mazoezi? Wako Wakristo wangependa tuseme hivyo, nao hulishika neno la Paulo kwa Timotheo (1 Timotheo 4:8) kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Twawajibu kwamba kidogo si bure. Tena Paulo mwenyewe, wenzake walipopanda chombo kwenda Aso, alichagua kwenda kwa miguu (Matendo 20:13), mwendo wa kama kilomita 30. Mtu wa namna hiyo hatumii andiko kama mto wa kulalia. Mazoezi hufanya kazi ambayo sufuria haiwezi. Huushusha msukumo wa damu, huisaidia sukari kuingia katika misuli badala ya kuzunguka katika damu, na humlinda aliyepungua asirudie uzito wa kwanza. Mtu apunguaye kwa kujinyima tu hupoteza misuli pamoja na mafuta, akabaki mwepesi lakini dhaifu. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kutosha kumfanya mtu ahemeke lakini bado aweze kuongea. Kwa mtu wa Rusinga hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Shuka kwenye pikipiki mapema. Nenda ibadani kwa miguu. Mwenye shamba na alime mwenyewe hata kama ana kibarua.

Kwa habari ya sahani, hatusemi mtu aache ugali. Twasema ugali upungue kwa robo, na mahali pake pawekwe mboga: osuga, dek, apoth, sukuma wiki. Mboga hujaza tumbo na kalori zake ni chache, maadamu hazikuogeleshwa katika mafuta. Samaki na wabaki. Omena aliyeanikwa juani na kupikwa kwa nyanya ni chakula cha heshima, na ngege wa kuchemsha hana haja ya karai la mafuta. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja kwa juma mpaka ulimi uzoee, maana ulimi huzoea kweli. Soda iwe ya arusi. Mtu akipunguza kama kalori 500 kwa siku kwa njia hizi, atapungua nusu kilo hivi kwa juma hapo mwanzo, kisha polepole zaidi. Atakaye kupungua kilo kumi kwa mwezi anatafuta ugonjwa.

Sasa tuseme neno gumu, ambalo watu wa Homa Bay walijua kabla hatujalisema. Katika miaka ya Ukimwi tulizika wengi, na tuliwaona wakikonda kabla ya kuwazika. Tangu hapo unene umekuwa kwetu kama cheti cha afya. Mama akipungua kilo tano kwa bidii yake mwenyewe, jirani huuliza kwa sauti ya chini, ameanza lini? Wako watu wenye kisukari na presha ambao waliambiwa na daktari wapungue, wakaanza, kisha wakaacha kwa kuogopa macho ya kanisani. Wengine wamepooza upande mmoja wakiwa bado wana umbo ambalo majirani walilisifu. Wapenzi, minong'ono hii ni dhambi, na sisi tulio katika viti vya kanisa ndio tunaoifanya. Ukiona ndugu yako anapungua, muulize hali yake uso kwa uso kwa upendo. Akisema anafanya mazoezi, mshukuru Mungu pamoja naye, ukaende naye kesho asubuhi.

Wala tusichanganye na kufunga. Yuko anayetangaza siku 21 za maombi, na moyoni anaitazama mizani ya zahanati. Afunge kwa ajili ya Bwana, ama apunguze chakula kwa ajili ya mwili, lakini asimwite Mungu shahidi wa jambo ambalo ni la kiuno. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asifunge wala asijipunguzie chakula kabla ya kuongea na mganga wake, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafula akaanguka, hata akafa. Vivyo hivyo mama mjamzito, anyonyeshaye, na mtu aliye katika dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi. Hao na waende kwanza hospitalini.

Nyumba isiyo na mizani isisumbuke. Chukueni uzi mrefu kama kimo chenu, kutoka utosini mpaka kisigino. Ukunjeni mara mbili, kisha uzungusheni kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta pumzi ndani ili kuudanganya. Ncha zikikutana, mafuta ya tumboni hayajapita kiasi. Zisipokutana, juma hili nendeni zahanati mkapimwe damu na sukari, na mumchukue na mzee wa mashua.