Kumbukumbu ya Kompyuta na Uchaguzi wa Modeli ya Lugha

Tabibu anayehudumu katika kata kama Zuzu, jijini Dodoma, anaweza kutumia modeli ya lugha ya akili unde bila intaneti, mradi kompyuta yake iimudu. Faida kuu ni usiri: maelezo ya mgonjwa hayatoki kituoni, jambo linalowiana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kipimo cha kwanza ni kumbukumbu ya kompyuta. Modeli huundwa kwa vigezo, yaani namba zinazobeba yale iliyojifunza. Kigezo kilichohifadhiwa kwa biti 16 huchukua baiti 2. Hivyo vigezo bilioni 8 huhitaji takriban gigabaiti 16. Vikibanwa hadi biti 4, huhitaji takriban gigabaiti 4, ingawa usahihi hupungua kiasi.

Kompyuta mpakato yenye gigabaiti 8 sharti ibakize nafasi ya mfumo endeshi na programu nyingine. Kwa hiyo modeli iliyobanwa ya vigezo bilioni 3 au 4 huifaa zaidi. Modeli ikizidi kumbukumbu, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, na majibu huchelewa mno.

Hata hivyo, modeli kuenea kwenye kompyuta si hoja ya kuiamini. Modeli ndogo hukosea zaidi, hususan kwa Kiswahili, na huweza kubuni dozi kwa ufasaha ule ule inaoutumia kusema kweli. Ifupishe maelezo, tabibu ayahakiki. Dozi ya mtoto isomwe katika mwongozo wa taifa wa matibabu.