Hazina ya Wachunguzi wa Unene

Jumuiya ya wanataaluma ni kitu chepesi kukiasisi na kizito kukikimu. Watu waliojitolea kuichungua fani moja hukubaliana kukutana kila mwaka, kuchapisha jarida, kuwapa vijana wao tuzo za kuwatia moyo, na kuisemea elimu yao mbele ya serikali. Na wakiisha kuafikiana juu ya hayo yote, huitazama hazina yao, wakaona kuwa ada za wanachama haziwafikishi mbali. Hapo ndipo mfadhili apigapo hodi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ila hawakutueleza kwamba ulimi uliokwisha kulamba mkono uliojaa hubakiwa na uhuru gani wa kusema, na hilo ndilo liletalo haja ya sura hii.

Tuchukue jumuiya iliyoasisiwa Marekani mwaka 1982 kwa ajili ya kuchunguza unene wa kupindukia, ambayo hapo kwanza ilijulikana kwa kifupi cha NAASO na leo huitwa The Obesity Society. Fani yake ina mtihani ambao wachunguzi wa nyota hawaujui: kila jambo inalolithibitisha humwongezea mtu faida au humtia hasara. Muuza soda, mwenye mkahawa, mtengeneza dawa na muuza vyakula vya kupunguzia uzito, wote wanayo sababu ya kuyangoja matokeo ya uchunguzi kwa shauku iliyozidi hata ile ya mgonjwa mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, idara ya afya ya jiji la New York ilikuwa imeazimia kuilazimisha mikahawa yenye matawi 15 au zaidi nchini iandike kwenye mbao zake za bei idadi ya kalori za kila chakula, na chama cha wenye mikahawa cha jimbo hilo kikaenda mahakamani kuipinga amri. Katika makaratasi yaliyowekwa mbele ya hakimu ilikuwamo hati ya kiapo ya David Allison, profesa wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, msomi mashuhuri wa takwimu za unene, ambaye wakati huo alikuwa ndiye rais mteule wa The Obesity Society. Alilipwa kwa kazi hiyo, wala hakukana. Hoja yake ilikuwa kwamba hapana ithibati ya kutosha kuwa mlaji akiiona hesabu ya kalori atapunguza kula. Kwamba yamkini mwingine, kwa ile tabia ya binadamu ya kukitamani akatazwacho, atavutwa na chakula kile kile alichoonywa nacho, na mwingine aliyejinyima mchana atakula maradufu usiku. Wenzake wengi walighadhibika. Jumuiya ikatoa tamko la kuunga mkono uandikaji wa kalori, naye akaacha nafasi yake kabla ya kukikalia kiti cha urais.

Msomaji atataraji niseme kuwa profesa alidanganya, lakini insafu hainiruhusu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa athari ya hesabu hizo kwa mlaji, ikiwapo, ni ndogo, na kwa kadiri hiyo shaka yake haikuwa ya kubuni. Lililokuwa na mwenyewe ni swali. Hapana mwenye mkahawa ambaye angemlipa mtaalamu achunguze kwa nini sahani imekuwa kubwa na kikombe kimekuwa ndoo. Mwenye mkahawa alitafuta mtu wa kuuliza kama ishara ya ukutani ina faida, akampata aliyekuwa tayari kujibu kwa uaminifu. Mwaka 2010 Allison na mwenzake waliandika kwamba hata nia njema hupotosha, maana mchunguzi anayejiona anaitetea haki huweza kuyapinda matokeo sawasawa na anayelipwa. Naikubali hoja hiyo nusu. Nusu ya pili naizuia, kwa kuwa nia njema haina idara ya fedha.

Kisa cha pili ni kipana zaidi. Mwaka 2014 ulizaliwa mtandao wa wataalamu ulioitwa Global Energy Balance Network, na miongoni mwa vinara wake alikuwamo James Hill wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliyepata kuwa rais wa jumuiya yetu hii. Walifundisha kwamba watu wameshughulishwa mno na wanachokula, wakasahau kuutumikisha mwili. Agosti 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuuanzisha mtandao huo, na kwamba hata tovuti yake iliandikishwa kwa jina la kampuni. Kabla mwaka haujaisha chuo kilirudisha dola milioni 1 na mtandao ukavunjwa, nayo kampuni ikatangaza kuwa tangu mwaka 2010 ilikuwa imetumia karibu dola milioni 120 kwa tafiti na ushirika wa afya. Mazoezi ni mema, nani atakanusha? Lakini kopo moja la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai, na mtu huhitaji kutembea kama nusu saa au zaidi kuyafuta hayo aliyoyanywa kwa dakika tano.

Mwaka 2013 wachunguzi wa Uhispania na Ujerumani walizipitia tathmini za kitaalamu juu ya vinywaji vya sukari na uzito wa mwili. Katika hitimisho 12 za waandishi wasiotangaza mafungamano na viwanda, 10 zilikuta uhusiano. Katika 6 za waliofungamana navyo, 5 zilisema ithibati haitoshi.

Dawa zina mlango wake. Kwetu mtu akiambiwa amenawiri hushukuru. Marekani, mwezi Juni 2013, chama kikuu cha madaktari kilipitisha azimio kwamba unene wa kupindukia ni maradhi, ingawa baraza lake lenyewe la elimu lilishauri vinginevyo. Tofauti si ya lugha tu, kwa maana maradhi huandikiwa dawa, na dawa hudaiwa kwa bima. Miaka mitano kabla ya azimio hilo, The Obesity Society ilikuwa imewakalisha wataalamu wake walipime jambo hili, na mwandishi wa kwanza wa waraka wao alikuwa Allison yule yule. Walikiri bila kificho kwamba elimu peke yake haiwezi kuamua kama unene ni maradhi au si maradhi, kwa kuwa neno maradhi halina ufafanuzi mmoja unaokubaliwa na wote. Kwa hiyo wakashauri uitwe hivyo kwa ajili ya manufaa yatakayopatikana. Waliyataja manufaa hayo: kuwavutia waganga hodari, kupunguza dharau wanayofanyiwa watu wanene, na, kabla ya hayo mawili, kupatikana kwa fedha zaidi.