Mavuno ya Kila Jioni: Kazi ya Mama Pima



Mtu akitaja nchi ya mvinyo, wengi wetu tunafikiria Ufaransa. Karibu zaidi na sisi iko Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari walianza kupanda mizabibu huko Bihawana miaka ya 1950. Mkulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Kati ya hapo anangoja. Sisi wa Kibera na Kawangware pia tunaishi kwenye nchi ya pombe, lakini mavuno yetu ni ya kila jioni. Tofauti hiyo nilichelewa sana kuielewa.

Kwanza tuelewane kuhusu vinywaji vyenyewe, maanake wageni hudhani ni kitu kimoja. Busaa ni kazi ya siku nyingi. Unga wa mahindi hukorogwa na maji, huachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka uwe wa kahawia. Halafu hutiwa maji na kimera cha wimbi, na baada ya siku mbili tatu huchujwa. Maji ni ya kununua kwa mtungi, kuni ni za kununua, na moshi ni wa bure. Ikikaa inakuwa chachu, kwa hivyo lazima iishe. Machicha huchukuliwa na wenye nguruwe. Muratina ya Wakikuyu ni asali au sukari pamoja na matunda makavu ya mti wa jina hilo. Zamani ilikuwa ya wazee, tena kwa shughuli kama ruracio.

Chang'aa ni jambo lingine. Kangara, yaani sukari nguru au molasi iliyochachushwa, huchemshwa kwenye pipa lililozibwa. Alkoholi huchemka kwa digrii 78, maji kwa digrii 100, basi mvuke unaotangulia hubeba alkoholi nyingi, hupita kwenye paipu iliyopozwa na maji na kudondoka chini. Ndiyo sababu wapishi hupenda kando ya mto. Kibera kazi hii ni ya zamani: wakati wa mkoloni akina mama wa Kinubi walijulikana Nairobi nzima kwa jini yao.

Sasa niseme kosa langu. Nilipoanza kazi hii nilikusanya akina mama wanane waliokuwa wakipika, tukawapa mtaji wa kuuza sukuma wiki na nyanya. Mwezi wa tatu mradi ukafa. Nililaumu uvivu. Mama mmoja akanikalisha chini (ananiita sista, ingawa nina watoto watatu na nimechoka kumsahihisha). Akasema, "Sista, mboga inaoza, pombe haiozi hivyo. Jirani akichukua sukuma anasema atalipa kesho. Mlevi analipa saa hii ndio aongezewe. Na mimi nauzia kwangu, nikiangalia mtoto."

Tukachukua daftari tukaandika kila kitu: sukari nguru, kuni, kodi ya nyumba, na kile kitu kidogo cha kila wiki kwa wenye kofia. Hicho kitu kidogo kilizidi kodi! Lakini mstari uliomuumiza kweli ulikuwa msako. Pipa likitobolewa na kangara ikimwagwa, hasara si ya siku moja. Anakopa kununua pipa lingine, na deni linataka kulipwa na riba. Huyo ndiye mtu anayetafutwa na mwenye jerikeni.

Hapa nataka tusome polepole. Pombe ya nafaka au sukari ikipikwa nyumbani kwa kawaida huwa na methanoli kidogo tu. Mauaji ya watu wengi kwa pamoja mara nyingi hutokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa ili pombe iwe nyingi na kali kwa bei rahisi. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao Mukuru. Februari 2024 Kirinyaga ilizika zaidi ya 10. Methanoli haina harufu ya kukustua, na mnywaji hulewa kama kawaida. Ubaya huja baadaye, mara nyingi saa 12 hadi 24, mwili unapoigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mtu akilala amelewa, akaamka anatapika, anahema haraka na kusema anaona ukungu au giza, msingoje na msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi alichokunywa, maanake iko dawa, na iko mashine ya kusafisha damu.

Mtauliza, si sheria ilibadilishwa? Ndiyo. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, na sheria ya mwaka 2010, ile iliyoitwa ya Mututho, ikaifungulia mlango: iwe na leseni, ifikie viwango, iwekwe kwenye chupa ya glasi. Mlango huo ni wa mwenye kiwanda. Anayepimia kwa glasi moja moja kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi alibaki nje.

Sisemi busaa ni uji. Msichana wa yule mama ana miaka 13 na hufanya kazi ya shule katikati ya wanaume waliolewa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na mamake pia.

Mwaka jana kijana alimletea jerikeni, akamwambia aweke kidogo tu, itaongeza nguvu. Alikuwa ametoka kwa msako na deni juu yake. Alinifuata kuniuliza hiyo ni nini. Jioni hiyo chama chake kilimkopesha bila riba, alipe kidogo kidogo kila siku, si mwisho wa mwezi. Alinunua tangi la maji badala ya pipa. Sasa anauza maji asubuhi, na busaa Jumamosi peke yake, binti akiwa kwa shangazi yake Kawangware.

Yule kijana, ananiambia, bado hupita na jerikeni lake. Siku hizi anasimama mlango wa pili.