Matunzo ya mtoto: Hakuna kiwango kimoja, uwezo wa wazazi ndio mizani

WAZAZI wanapotengana, swali lisilokwepeka ni la fedha za matunzo ya mtoto: nani atoe, na atoe kiasi gani? Katika maeneo ya pwani ya Lindi kama Kilangala, ambako wengi hutegemea korosho, ufuta au uvuvi, swali hilo ni zito zaidi kwa kuwa wazazi wengi hawana hati ya mshahara ya kuonyesha mahakamani.

Sheria ya Tanzania Bara haitaji kiwango wala asilimia maalumu. Zamani kikomo kilikuwapo: mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kupewa zaidi ya Sh100 kwa mwezi. Utaratibu huo ulifutwa na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009.

Chini ya sheria hiyo, mahakama hutazama mapato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wao wa kujipatia kipato, wajibu wao kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, pamoja na haki za mtoto mwenyewe.

Kwa mfano, baba mwenye mashamba ya mikorosho hawezi kujitetea kwamba hana kitu kwa sababu tu msimu umekwisha. Mashamba ni mali, nayo huwekwa kwenye mizani. Aidha, malipo ya korosho zinazouzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika huacha kumbukumbu. Kwa upande mwingine, kipato cha mama nacho hupimwa, na baba mwenye watoto wengine hasahauliwi.

Kwa hiyo ushahidi una uzito mkubwa. Anayeomba matunzo anashauriwa kuorodhesha gharama za chakula, mavazi, matibabu, malazi na shule, na kutunza stakabadhi zake.

Maombi si ya mama peke yake. Yanaweza kupelekwa na mzazi yeyote, mlezi, ndugu, ofisa ustawi wa jamii au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemwakilisha.

Amri ya matunzo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, ingawa mahakama inaweza kuiendeleza iwapo bado yuko masomoni. Hali ya mzazi ikibadilika, njia halali ni kurudi mahakamani kuomba kiasi kibadilishwe, si kuacha kulipa kimyakimya, kwani anayelala njaa ni mtoto.