Maji ya Mvua Yakiingia Udongoni Huenda Wapi?

Mvua imenyesha usiku. Asubuhi unakwenda shambani. Kule juu, kwenye udongo wa kichanga, ardhi imekwisha anza kukauka. Unatembea bila kushika tope. Halafu unashuka bondeni, mbugani. Huko maji yamesimama. Ukitia mguu, kiatu kinabaki. Mvua ilikuwa moja. Mbona huku maji yamezama na huku yamegoma?

Hebu tuanze na chembe. Udongo ni chembe nyingi zilizokaa pamoja, na kati yake kuna nafasi. Chembe kubwa ya mchanga ina upana wa milimita 2. Unaiona kwa macho. Chembe ya mfinyanzi haifiki hata sehemu 2 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Huwezi kuiona, hata ukivaa miwani. Ziko pia chembe za katikati, laini kama vumbi.

Sasa chukua gunia la karanga na gunia la unga. Mimina kikombe cha maji katika kila moja. Kwenye karanga maji yanapita upesi mpaka chini. Kwenye unga yanalowesha juu, yanakwama. Mchanga ni kama karanga. Mfinyanzi ni kama unga.

Watu wengi hudhani kwamba mfinyanzi hauna nafasi ndani yake. Sivyo. Mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga! Karibu nusu ya mfinyanzi ni nafasi tupu. Mchanga ni kama sehemu 4 tu katika 10. Lakini nafasi za mfinyanzi ni nyembamba mno. Njia ni nyingi, ila maji hayapiti kwa haraka.

Tazama utambi wa kibatari. Mafuta yako chini, lakini yanapanda juu mpaka kwenye moto. Nani anayasukuma? Hakuna. Nafasi nyembamba kati ya nyuzi ndizo zinazoyavuta. Mfinyanzi nao huvuta maji na kuyashika hivyo hivyo. Tena huyashika kwa nguvu hata mizizi ikashindwa kuyanyonya yote. Ndiyo maana mahindi yanaweza kunyauka mbugani na udongo bado una ubichi ukiushika. Mchanga nao haushiki. Unayaachia maji yaende zake chini, na mbolea yanaichukua. Jua likiwaka wiki mbili, mahindi ya kichangani yana taabu.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 20 ikinyesha katika eka moja, maji yake ni zaidi ya lita 80,000. Hayo ni zaidi ya madebe 4,000 ya lita 20. Tuseme mvua hiyo imenyesha kwa saa moja. Mchanga unaweza kupokea milimita 30 na zaidi kwa saa. Basi yote yanaingia. Mfinyanzi uliokwisha kulowa hupokea milimita 5 tu kwa saa, au pungufu. Kwa hiyo madebe 1,000 yanaingia na madebe 3,000 yanabaki juu. Kama shamba lako liko kwenye mteremko, hayo 3,000 yanaondoka, na udongo wako wa juu yanaubeba.

Wakulima wa Usukumani wanayajua mambo haya tangu zamani, ndiyo maana kila udongo wameupa jina. Juu kwenye mwinuko kuna luseni, yaani kichanga. Ukishuka unakuta itogolo, ambao chini yake kuna tabaka gumu. Bondeni kabisa ndiko mbuga, udongo mweusi. Mtaalamu mmoja, G. Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii mwaka 1935. Aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wazee walikuwa wamekwisha uona kwa majembe yao.

Katika itogolo maji yakifika kwenye tabaka gumu hayana pa kwenda. Kwa mahindi hiyo ni hasara, maana mizizi nayo inataka hewa. Lakini kwa mpunga ni neema! Watu wamezungushia kingo za udongo, wakapata majaluba, na maji yanakaa humo.

Mbuga ina tabia yake ya ajabu. Kiangazi inapasuka, mguu wa ng'ombe unaweza kuingia. Mvua ya kwanza ikija, maji yanapotelea katika nyufa, na wewe unasema, "Ala, udongo huu unakunywa vizuri!" Ngoja. Mfinyanzi wa mbuga ukilowa unavimba. Nyufa zinafunga, na mvua inayofuata inasimama juu. Kuvimba huko na kusinyaa ndiko kunakopasua kuta za nyumba zilizojengwa mbugani.

Tabaka gumu jingine tunalitengeneza wenyewe. Ukilima kwa plau kila mwaka kwa kina kile kile, chini ya plau udongo unashindiliwa. Hasa ukilima ungali na maji mengi. Kwato za ng'ombe nazo zinashindilia juu. Nafasi zinabanwa, maji yanakosa mlango. Samadi na mabua husaidia kuzifungua tena, kwani hugandamanisha chembe ndogo zikawa madonge, na kati ya madonge maji hupita. Kichangani samadi hiyo hiyo husaidia kushika maji. Siyo kazi ya mwaka mmoja, lakini.

Je, shamba lako ni la aina gani? Lowesha udongo kidogo, ufinyange kama kamba, kisha uikunje iwe bangili. Ukivunjika hata kabla ya kuwa kamba, ni kichanga. Ukikubali kuwa bangili bila ufa, ni mfinyanzi.

Halafu chukua kopo, ukate kitako chake. Lipigilie ardhini kidogo, jaza maji, uangalie yanachukua muda gani kuisha. Usiamini mara ya kwanza, maana udongo mkavu una kiu. Jaza tena mara ya pili na ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iandike. Pima sehemu tatu au nne za shamba, na ufanye hivyo kabla hujaamua mahali pa mahindi na mahali pa mpunga.